Usiifute Python iliyokuja na Ubuntu

Usiifute Python hiyo. Umeandika kwamba kompyuta ya mezani uliyonunua Nakuru ina mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, ambao ni aina ya Linux, uliokuja na toleo la 3.10 la Python, lugha ya kuandikia programu, kwamba masomo unayofuata yanatumia toleo la 3.12, na kwamba mwenzako amekushauri uondoe ya zamani kwanza ili zisigongane. Maswali yako mengine, ya kihariri na ya kuongeza RAM, yatasubiri, kwa sababu ushauri huo ni wa hatari. Mimi nilipewa huohuo na mkufunzi wa darasa la mtandaoni, ambaye hakutueleza hata kwa sentensi moja kwamba Ubuntu yenyewe huitegemea Python ile katika kazi zake za ndani.

Nilitoa amri ya sudo apt remove python3 kama alivyoagiza; apt ndiyo zana ya Ubuntu ya kuweka na kuondoa programu. Ilitokea orodha ndefu ya vitu vya kuondolewa, ikiwemo ubuntu-desktop, yaani kifurushi cha madirisha na menyu za Ubuntu, nasi tulikuwa tumeambiwa tukubali kila tunachoulizwa. Nilipoiwasha tena mashine, nilikuta skrini nyeusi inayodai jina na nenosiri, bila dirisha lolote. Anayetaka kucheka na acheke, lakini mgeni wa Linux angejuaje? Fundi mmoja hapa Kisumu hakuuliza lolote. Aliifomati diski nzima, na nyaraka za wateja wa duka langu la uchapaji pale Kondele zikapotea, ilhali zilikuwa salama ndani ya /home, folda ya faili za mtumiaji, muda wote huo, kwa kuwa apt huondoa programu na haigusi faili za mtumiaji. Hilo linaniuma hadi leo. Intaneti ikiwepo, sudo apt install ubuntu-desktop ingeweza kuirudisha mashine kutoka skrini ileile nyeusi, na ikishindikana, angeiwasha kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi akazinakili faili zote kwanza.

Python ya mfumo iachie mfumo, nawe ujitengenezee yako ndani ya folda iliyotengwa. Weka kifurushi cha python3-venv kwa apt, kisha andika python3 -m venv mazoezi, halafu source mazoezi/bin/activate, na kila maktaba utakayohitaji uiweke kwa pip, zana ya kuweka maktaba za Python, ukiwa humo ndani. Ukiharibu, unafuta folda ya mazoezi peke yake na kuanza upya, na Ubuntu haitajua kama kuna lililotokea. Kwa anayejifunza vitanzi, orodha na fanksheni, 3.10 iliyotoka mwaka 2021 inatosha kabisa. Ikibidi uwe na 3.12, iweke kando ya ile ya kwanza na uiite kwa jina lake kamili, python3.12, bila kulielekeza jina python3 kwake, kwa sababu hata teminali ya Ubuntu 22.04, lile dirisha la kuandikia amri, huanzishwa na programu fupi ya Python na inaweza kukataa kufunguka.

Leo hii nakili faili zako kwenye flashi, na amri yoyote ya apt ikikuonyesha ubuntu-desktop miongoni mwa vitakavyoondolewa, bonyeza n.