Ruta ya pili: intaneti ipo, printa haionekani

SWALI: Nimeongeza ruta ya pili ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma. Waya unatoka ruta ya kwanza na kuingia tundu la WAN (la kupokea intaneti) la hii ya pili. Intaneti naipata, ila nikiwa huko nyuma simu haiioni printa iliyo sebuleni. Kasoro iko wapi?

JIBU: Vifaa vyako ni vizima, ila umejenga mitandao miwili. Ruta ya nyumbani hufanya kazi kadhaa kwa pamoja: huelekeza data kati ya nyumba na intaneti, hugawa anwani za IP, yaani namba za kutambua kila kifaa (kazi hii huitwa DHCP), huunganisha waya kwenye matundu ya LAN (ya vifaa vya ndani), na hurusha Wi-Fi. Huko nyuma ulihitaji Wi-Fi tu, yaani akses pointi. Ulipotumia WAN, ruta ya pili ikaanza kugawa anwani zake, tuseme 192.168.0.x, huku printa ikiwa na 192.168.1.x. Simu hutafuta printa kwa kutangaza ndani ya mtandao wake, na tangazo hilo halivuki ruta.

Tazama kwanza kama mipangilio ya ruta ya pili ina chaguo la "Access Point". Likiwapo, lichague na kazi imekwisha. Lisipokuwapo, chomoa waya unaotoka ruta ya kwanza, kisha unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN la ruta ya pili na ufungue mipangilio. Anza na Wi-Fi: weka jina, nenosiri na aina ya usalama sawasawa na za ruta ya kwanza. Halafu badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2, ukihakikisha haimo katika anwani zinazogawiwa na ruta ya kwanza. Itajiwasha upya, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, ndipo uzime DHCP. Mwisho peleka waya kutoka LAN ya kwanza hadi LAN ya pili, na uache WAN wazi.

Hapo kwenye DHCP ndipo wengi hukwama. Ikibaki inafanya kazi kwenye ruta zote mbili, simu itapokea anwani kutoka kwa yoyote itakayowahi kujibu. Ikijibiwa na ya pili, itaelekezwa 192.168.1.2 kutafuta intaneti, na huko hakuna njia ya kutokea. Ndiyo maana simu moja hupata intaneti na nyingine, pembeni yake, haipati.

Kwenye masafa ya 2.4 GHz, weka ruta moja chaneli ya 1 na nyingine ya 6 au 11, upana wa 20 MHz, ili zisiingiliane. Waya wa shaba usizidi mita 100.

Kisha zima Wi-Fi ya simu, uiwashe tena ukiwa vyumba vya nyuma, na usome anwani yake. Inatakiwa ianze na 192.168.1, na geti, yaani ruta ambayo simu hupitia kwenda intaneti, iwe 192.168.1.1 (hapa ni ruta ya kwanza). Ukiona 169.254 kwenye kompyuta, ujue haikujibiwa na DHCP yoyote: kagua waya kwanza, kisha hakikisha hukuzima DHCP kwenye ruta ya kwanza.