Usitangaze Vipeo Kabla ya Kuitazama Nishati: Ushauri kwa Anayeanza Kuchunguza Sumaku Zenye Mkwamo

Mwanafunzi anayeanza kuiga sumaku kwa kompyuta huvutwa mapema na kazi ya kutafuta vipeo, yaani zile namba zinazoeleza jinsi usumaku unavyofifia na jinsi umbali wa mawasiliano kati ya spini (visumaku vidogo vya atomi) unavyokua kadiri halijoto inavyoukaribia mpito, yaani pale sumaku inapopata au kupoteza mpangilio wake. Mimi pia nilivutwa hivyo, na kazi ya miezi mingi ililazimika kurudiwa. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaoingia kwenye sumaku zenye mkwamo, kwa sababu huko namba yenye kupendeza hupatikana kwa urahisi na huaminiwa kwa urahisi zaidi.

Mkwamo wenyewe si mgumu kuuelewa. Weka spini tatu kama mafiga, kila moja ikitaka kuelekea kinyume cha jirani yake: ya kwanza ikitazama juu na ya pili chini, ya tatu haiwezi kuwaridhisha wote wawili. Mwaka 1950 Gregory Wannier alionyesha kwamba spini zinazojua juu na chini tu, zikipangwa kwenye wavu wa pembetatu, hazipati mpangilio hata halijoto ikishuka hadi sifuri kamili, bali kila spini hubaki na entropia (kipimo cha wingi wa mipangilio inayowezekana) ya takriban 0.323 ya kizio cha Boltzmann. Spini zikiruhusiwa kuzunguka kwenye bapa, huafikiana kwa kuachana nyuzi 120, na hapo huzaliwa chaguo la ziada, kwamba mzunguko ufuate saa au uende kinyume chake. Chaguo hilo ndilo kiini cha mabishano yote yanayofuata.

Katika miaka ya 1980 Hikaru Kawamura aliiga tabaka za pembetatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, akapendekeza kwamba sumaku za aina hii zina familia yao wenyewe ya vipeo. Kwa spini za bapa, kipeo cha umbali wa mawasiliano, ν, kilikuwa 0.54 hivi, ilhali sumaku ya kawaida ya spini za bapa ina 0.67. Vipimo vya nyutroni kwenye fuwele ya CsMnBr3, inayopata mpangilio chini ya kelvini 8.3, vilionekana kukubaliana naye. Baadaye Tissier, Delamotte na Mouhanna walidai kwa hesabu zao kwamba mpito huo kwa kweli ni wa daraja la kwanza, yaani wa mruko wa ghafla kutoka hali moja hadi nyingine, wenye joto fichi (nishati ya mruko huo) dogo mno, huku Pelissetto, Rossi na Vicari wakipata hesabu zinazotetea mpito usio na mruko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mazoea. Nilichagua wavu wenye upande wa 16, kisha 32, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. Mpangilio wa nyuzi 120 hujirudia kila baada ya hatua tatu, na kingo za wavu zilikuwa zimeunganishwa, kwa hiyo kwenye mshono spini hazikulingana na zikajipinda polepole kwa urefu wote wa wavu. Kwa wiki kadhaa niliamini nimegundua hali mpya ya sumaku. Tumia 18, 24, 36, 48; upande ugawanyike kwa tatu, basi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Kutoka kwenye nyavu za 18 hadi 36 nilipata ν ya karibu nusu, nikafurahi kwamba inafanana na iliyochapishwa, nikaanza kuandika. Msimamizi wangu aliomba jambo moja tu: nishati ya kila hatua, si wastani wake. Sikuwa nimeihifadhi. Nilikuwa nimeweka wastani peke yake ili kuokoa nafasi, na ilibidi uigaji wote uanzwe upya. Ninasisitiza hili kwa moyo wote: hifadhi mfuatano mzima wa nishati, kwa sababu wastani hauwezi kukuonyesha kama sampuli ilikuwa inarukaruka kati ya hali mbili.

Histogramu za nishati nilizopata, yaani grafu za mara ngapi kila nishati ilitokea, zilikuwa na kilele kimoja, si viwili kama mpito wa mruko ungeleta, nami nikadhani swali limekwisha. Msimamizi akaniagiza niige kielelezo cha jamaa, ambamo spini tatu za pembetatu hulazimishwa zijumlike sifuri. Ulinganifu unaovunjika ni uleule, lakini kwenye wavu wa 18 tu nishati ilitulia mahali pamoja kwa maelfu ya hatua, kisha ikadondoka ghafla na kutulia pengine. Histogramu ilikuwa na vilele viwili na bonde katikati. Kuanzia siku hiyo sikuweza tena kusema kwamba kilele kimoja kwenye nyavu ndogo ni ushahidi wa kutosha, kwa kuwa bonde la kielelezo changu cha kwanza huenda linahitaji wavu mkubwa mara nyingi ili lionekane.

Kwa hiyo fuatilia kipeo kinavyohama ukubwa unapoongezeka. Katika mfumo wa vipimo vitatu wenye mpito wa daraja la kwanza, ν inayoonekana huteremka kuelekea 1/3. Fanya pia hesabu ya dakika moja: zidisha β (kipeo cha kufifia kwa usumaku) mara mbili, gawa kwa ν, toa moja, hiyo ni η, kipeo kingine cha mpito, ambayo kwa mpito halisi usio na mruko katika nadharia zinazotumika hapa haitakiwi kuwa hasi. Ukichukua β ya 0.253 na ν ya 0.54 unapata −0.06 hivi. Kwa kuwa makosa ya kipimo yanaweza kuifikisha sifuri, hiyo ni dalili na si hukumu, lakini ni dalili ambayo ningependa kuwa nimeiona kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Katika jedwali nililowasilisha mwishowe, kila kipeo kina safu yake ya ukubwa kando: kutoka 18 hadi 36, kutoka 24 hadi 48, na kutoka 36 kwenda juu.