Filamu ya vichekesho vya kuangushana: je, inawafaa watoto wadogo?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Nina watoto wa miaka 4, 6 na 9. Wananiomba waone filamu ya vichekesho vya familia: watu wanateleza, wanapigwa vikaango usoni, wanamwagiwa rangi, na babu anavutwa kiti akala mwereka. Haina matusi wala uchi. Mume wangu anasema ni mchezo tu. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, mume wako ana hoja. Mtume (s.a.w.) alimtania mtoto Abu 'Umayr kuhusu kindege chake, na alimsimamisha Bi 'Aisha nyuma yake atazame Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini. Yote mawili yamo katika Bukhari na Muslim. Anayekwambia kila kichekesho ni haramu, mwombe dalili.

Hata hivyo, kukosa matusi na uchi hakutoshi kuihalalisha filamu. Abu Dawud amepokea kwamba Maswahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), mmoja wao akalala, mwenzake akaenda akaichukua kamba yake, yule akashtuka. Mtume akasema: "Si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu." Katika upokezi wa Imam Ahmad watu walicheka. Hapo hakuna aliyeumia, na bado katazo likaja. Basi usihesabu mara ngapi watu wanaanguka. Angalia anayechekwa ni nani, na ameangushwa na nani. Bwana aliyejigamba kwamba anajua kupanda ngazi, akapanda na ndoo mbili za rangi zikammwagikia, amejitakia mwenyewe. Babu aliyevutwa kiti ni mzee aliyefanyiwa hila, na filamu inamwalika mtoto acheke pamoja na mwenye hila. Pia tazama kama kinachochekesha ni unene wa mtu, kigugumizi au kuchechemea kwake. Hapo aya ya 11 ya Suratul Hujurat inahusika moja kwa moja: "Wanaume wasiwadharau wanaume wenzao, huenda hao wakawa bora kuliko wao."

La pili ni madhara, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopitiwa. Mwigizaji amefanya mazoezi, kikaango mara nyingi ni cha mpira, godoro limewekwa nje ya picha, na mlio wa "bang" umetiwa baadaye. Mtoto wa miaka 4 haoni hata kimoja kati ya hivyo. Anachoona ni kwamba chuma kikigonga uso, mtu hutikisa kichwa na kuendelea na safari. Mafakihi wengi huweka umri wa kupambanua mambo kwenye miaka 7 hivi, kwa hiyo wawili kati ya wanao bado hawajaufikia. Chukua kiti kile cha babu ukilete sebuleni kwako: mtu anapokaa tayari ameachia uzito wote wa mwili, mikono haiwahi kumkinga, mfupa wa mkia unagonga sakafu, na kisogo kinafuata kwenye ukingo wa meza. Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na Muslim amepokea kwamba anayemwelekezea nduguye chuma malaika humlaani, hata kama ni ndugu wa baba na mama. Hadithi hiyo imetaja hata ndugu wa tumbo moja, ambao hutaniana sana.

Uitazame kwanza peke yako, mwanzo hadi mwisho. Tangazo lake halitoshi, maana hukusanya vicheko tu. Kisha rudia dakika 20 za katikati bila sauti. Muziki wa kuchekesha ukiondoka, utaona kama kilichobaki ni uchangamfu au ni mtu anapigwa tu. Baada ya kila kipigo, angalia sekunde chache zinazofuata: je, anaumia? Anaombwa radhi? Au kamera inakimbilia kipigo kingine? Alama za umri zinasaidia kidogo. Uingereza, kwa mfano, filamu yenye alama ya U hulenga watoto wa miaka 4 na kuendelea, na yenye alama ya PG haitakiwi kumsumbua mtoto wa miaka 8 hivi. Lakini waweka alama hawapimi heshima kwa wazee kwa mizani yetu. (Anayeshika kauli ya kuharamisha ala za muziki atakuwa na jambo la ziada la kuangalia, hilo lina mlango wake.)

Kwa ulivyoieleza, rai yangu ni kwamba wa miaka 9 anaweza kuiona mkiwa pamoja, na wa 4 asiione. Wa miaka 6 unamjua wewe: kama wiki hii alikuwa anasukumana na nduguye, asubiri. Wakikaa wote chumba kimoja, mpimie yule mdogo. Kuruka vipande kwa rimoti sikushauri, kwa kuwa kile ulichokiruka ndicho watakachokitafuta.

Mkiitazama, isimamishe pale babu anapoanguka na uulize swali moja tu: "Babu naye anacheka?" Waache wajibu wenyewe, usihutubie. Usiianze karibu na Magharibi, ukaizima ghafla kwa adhana. Mtoto ataihesabu adhana kuwa ndiyo iliyomnyang'anya furaha. Kisha chunguza michezo yao kwa siku mbili tatu. Ukiona kiti kimevutwa, filamu hiyo isirudiwe, na waambie sababu bila kufoka.

Wallahu a'lam.