Camino de Santiago: Uanzie Wapi?

Wanaotaka kwenda kuhiji kwa miguu mpaka Santiago de Compostela, kule kaskazini-magharibi mwa Hispania, huniuliza waanzie wapi. Wengi wanauliza huku jibu wanalo tayari: Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa ulio chini ya milima ya Pyrenees, kwa kuwa ndiko wanakosikia watu wakianzia. Mimi huwauliza kwanza wana siku ngapi.

Hija hii haina mwanzo rasmi. Zamani hujaji alifunga mlango wake akashika njia, akitokea kokote alikokuwa akiishi. Chenye masharti ni mwisho. Ofisi ya mahujaji pale Santiago hutoa cheti kiitwacho Compostela kwa aliyetembea walau kilomita 100 za mwisho, au kilomita 200 kwa baiskeli, akiwa na kitabu cha hujaji, credencial, kilichogongwa mihuri njiani. Kwa hiyo hesabu zianzie mwisho zije nyuma. Shika tarehe ya ndege ya kurudi, toa siku moja ya kukaa Santiago, toa nyingine mbili tatu za mvua, malengelenge na uchovu, kisha zilizobaki zidishe kwa kilomita 20. Najua wapo wanaomaliza 30 kwa siku na jioni bado wana nguvu za kucheza dansi. Wewe panga kwa 20.

Ukishapata jumla yako, mji utajionyesha wenyewe. Kwa njia ya Kifaransa, yaani Camino Francés, kutoka Saint-Jean ni karibu kilomita 780. Burgos kama 500. León kama 300. Ponferrada kama 200. Sarria 115 hivi. Mwenye wiki moja na ushei ataangukia Sarria, na si vibaya, ila ajiandae kwa msongamano, maana nusu ya dunia nayo imepiga hesabu hiyohiyo.

Mwenye wiki mbili na ushei simshauri Sarria wala Saint-Jean. Aanzie León. Siku za mwanzo ni tambarare, miguu inazoea viatu na mabega yanazoea begi. Baada ya mji wa Astorga ndipo milima inapoanza, na si vilima vya kuchezea: Cruz de Ferro, ule msalaba mdogo wa chuma juu ya nguzo ndefu ambapo mahujaji huacha jiwe, uko kwenye mita 1,500 hivi. Wengi hawajui kwamba ni juu kuliko kilele cha njia ya Saint-Jean kule Pyrenees wanakokuogopa. Baadaye kuna O Cebreiro, karibu mita 1,300, lango la kuingia Galicia, jimbo lenye Santiago. Padri wa kijiji hicho, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kuchora mishale ya manjano miaka ya 1980, hiyo hiyo unayoifuata njia nzima. Nilipoianzia León, kupanda huko kulinikuta mwili umeshakubali kazi, na hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Saint-Jean ni kinyume chake: mlima unaupata asubuhi ya kwanza. Mji uko kwenye mita 170 hivi, njia inapanda hadi kwenye kipito cha mlimani kiitwacho Col de Lepoeder, zaidi ya mita 1,400, halafu inashuka Roncesvalles, kijiji cha upande wa Hispania, kwenye mita 950. Yote hayo ndani ya kilomita 25. Watu huogopa kupanda, lakini kinachoumiza ni kushuka. Kile kipande cha mwisho kinaporomoka moja kwa moja msituni, majani yamelowa, vidole vya miguu vinagonga ncha ya kiatu kila hatua, na magoti yameshachoka tangu saa sita. Kuna barabara ya mzunguko kupitia Ibañeta ambayo ni taratibu zaidi. Ichukue, hakuna atakayekucheka.

Bora zaidi, igawe siku hiyo. Orisson, kilomita kama nane kutoka Saint-Jean, kuna nyumba ya kulala mahujaji. Vitanda ni vichache na huwahiwa mapema, kwa hiyo weka nafasi kabla hujanunua tiketi ya ndege, na tarehe ya kuanza ifuate kitanda. Kukiwa kumejaa, ama usiyependa kubahatisha hali ya hewa, pita njia ya Valcarlos, chini bondeni, nayo hufika Roncesvalles. Na kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Machi huna la kuchagua: njia ya juu hufungwa kwa sababu ya theluji na ukungu, na Valcarlos ndiyo njia.

Mwenye magoti yenye historia aanzie Roncesvalles, anafika kwa basi kutoka Pamplona. Jioni kuna misa yenye baraka za mahujaji, na asubuhi anaanza kwa mteremko mwepesi. Anayetaka milima bila umati, kuna Somport, kipito cha mlimani chenye mita 1,632, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Njia yake, ya Aragón, hupita Jaca na kuungana na ya Kifaransa karibu na Puente la Reina. Hosteli ni chache huko na vijiji viko mbalimbali, hivyo chakula ubebe.

Viza nayo ina neno hapa. Ufaransa na Hispania zote ziko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mpakani juu mlimani unapita tu. Lakini hata ukianzia Saint-Jean, maombi unayapeleka ubalozi wa Hispania, kwa kuwa huko ndiko utakakokaa siku nyingi. Na kama unafikiria 2027, jua kwamba Julai 25, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, ambaye ndiye Santiago kwa Kihispania, itaangukia Jumapili. Huo ni Mwaka Mtakatifu wa Santiago, na vitanda kuanzia Sarria vitagombaniwa. Mwaka huo, hata mwenye siku chache ningemsogeza aanzie nyuma kidogo ya Sarria, alale vijiji vya kati badala ya vituo ambavyo kila kitabu cha mwongozo kinavitaja.