Usisubiri Lafudhi Iishe: Kwa Wadogo Zangu Wanaotaka Kuigiza Ughaibuni

Katika mwaka wangu wa 3 mjini Toronto nilifika kwenye usaili wa tamthilia nikiwa nimekariri kurasa 4 barabara, lakini nilipolifikia neno la Kiingereza "strength" ulimi wangu ukapachika irabu kila ilipokosekana, likatoka "sitirengithi", na msimamizi akanishukuru kwa upole kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nikiwa ndani ya basi niliapa kwamba sitapanda jukwaa hadi lafudhi yangu iishe. Kiapo hicho kilinila miaka 2, nami sipendi kiwale ninyi mnaoniandikia kutoka Dar es Salaam na Mombasa.

Aliyenizindua ni marehemu Alla Nazimova, ambaye habari zake nilizisoma wakati nimekwisha kukata tamaa. Alizaliwa Yalta mwaka 1879, akajifunza uigizaji Moscow, na mwaka 1905 akaingia New York na kikundi cha mwigizaji Mrusi Pavel Orlenev, kilichoigiza kwa Kirusi na kutegemea sana watazamaji waliokuwa wahamiaji kama wao. Orlenev aliporejea Urusi mwaka uliofuata, Nazimova alibaki, akafunga mkataba na wenye majumba ya maonyesho wa familia ya Shubert kwa sharti la kujifunza Kiingereza, na Novemba 1906 alikuwa jukwaani akiigiza kwa lugha hiyo kama Hedda Gabler, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ibsen, mwandishi wa Norwe. Ilikuwa kazi ya miezi michache tu. Lafudhi ya Kirusi hakuiacha, wala hakuingoja imwache.

Kwa hiyo ninawashauri msijifunze lugha nzima kwa mkupuo. Jifunzeni mhusika mmoja. Mimi nilichagua hotuba ya dakika 3, nikamlipa mwalimu wa matamshi kwa saa moja kila wiki, nikajirekodi kwa simu na kulisema neno lile nikiosha vyombo, mpaka jirani akagonga ukuta. (Nilipoimba taarabu hakuwahi kunigongea.) Mkipata kikundi cha Waswahili wenzenu, igizeni nacho, maana ndicho kitakachowatunza mkiwa wageni, ila jiwekeeni tarehe ya kuvuka kwenda kwa watazamaji wasiowajua.

Jambo la fedha nalo ni zito, na hapa Nazimova ananifundisha kwa kosa lake. Katika filamu zisizo na sauti, ambako lafudhi haikuwa na uzito wowote, kampuni ya Metro ilimlipa dola 13,000 kwa wiki. Kisha akatia fedha zake mwenyewe katika filamu ya Salomé, iliyotoka mwaka 1923 na kumletea hasara kubwa. Nyumba yake ya Sunset Boulevard, Los Angeles, ikageuzwa hoteli mwaka 1927, na mama huyu, aliyerudi jukwaani na kupata sifa upya miaka ya 1930, alimalizia maisha yake mwaka 1945 akiwa mpangaji katika uwanja uliokuwa wake.

Ndiyo maana kodi yangu ya miezi 6 hukaa katika akaunti ambayo haina kadi. Mwaka jana rafiki yangu aliponisihi tuchange akiba zetu tutengeneze filamu fupi, nilimfanyia kazi siku 9 bila malipo, nikampikia na pilau ya wasaidizi wake, lakini akaunti ile sikuigusa.