Kanchipuram kwa siku moja ukiwa unauguza Chennai

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kwenda kuyaona mahekalu ya Kanchipuram, mji ulio karibu na Chennai kusini mwa India, wakati mgonjwa wako anasubiri majibu Chennai, na kama asiye wa dini ya Kihindu huruhusiwa kuingia. Nenda. Mimi nilikuwa namuuguza mama mkubwa, naye ndiye aliyenifukuza wodini nikapunge hewa.

Kutoka Chennai ni kama kilomita 75 kwa basi. Mara ya kwanza nilifika saa sita, nikakuta milango inafungwa. Mahekalu mengi hufungwa mchana mpaka saa kumi hivi. Wiki iliyofuata nilidamka.

Anzia hekalu la Kailasanathar. Lilijengwa na mfalme Rajasimha wa Wapallava, ukoo uliotawala eneo hilo zamani, mwanzoni mwa karne ya 8, kwa jiwe la mchanga. Ndani ya ukuta wa ua kuna vihekalu 58 vimebanana, na katika baadhi yake bado utaona mabaki ya rangi ya kale kwenye lipu. Chungulia kimoja kimoja, usikimbie. Kuna pia kijinjia kinachozunguka chumba cha mungu Shiva, mlango wake haupitiki ila kwa kutambaa. Waumini husema anayekipita huepushwa na kuzaliwa tena. Nilimwona bibi mmoja mwenye asumini nyweleni akitokea upande wa pili kwa magoti, vijana wakampokea mikono. Alikuwa analia na kucheka. Nilisimama pale muda mrefu, nikimfikiria mama mkubwa.

Hekalu la Ekambareswarar lina mnara wa lango wa takriban meta 59, wa mwaka 1509. Katika hekalu la Varadharaja Perumal, la mungu Vishnu, tazama ukumbi wa nguzo 100, hasa pembeni: minyororo inayoning'inia imechongwa kwa jiwe, pete ndani ya pete. Humo hekaluni ndimo Athi Varadar, sanamu ya mti ya Vishnu, hukaa chini ya maji ya bwawa, ikitolewa kila baada ya miaka 40. Mara ya mwisho ilikuwa 2019.

Kuhusu kuruhusiwa: nyuani na kwenye kumbi utapita, ila chumba cha ndani kabisa mara nyingi ni cha Wahindu peke yao. Ukizuiwa, rudi nyuma kwa heshima. Usimpe pesa mtu anayekuahidi kukupenyeza. Pale watu wamekuja kuomba.

Viatu unaviacha nje, na jua likipanda lile jiwe linaunguza nyayo kweli. Beba soksi, na shuka la kufunika mabega.