Muulize Fundi: Redio inasahau stesheni

Fundi, shikamoo. Nina Corolla ya 1996. Nikizima gari tu, redio inasahau stesheni na saa inaanza upya. Aliyeifunga anasema imekufa, ninunue nyingine. Tena tangu aongeze amplifaya, asubuhi betri haina kitu. Majirani wanasema ni baridi.
Msomaji, Mafinga

Marahaba. Usinunue kitu. Taa ya ndani, ile ya juu, inawaka? Toyota nyingi za rika hilo hupitisha umeme wa kumbukumbu ya redio kwenye fyuzi iliyoandikwa DOME, pamoja na taa hiyo. Kama haiwaki, kagua fyuzi hiyo; ikiwa imeungua, weka ya ampea zilezile. Wanaofunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya sigara inayong'aa ndio wanaochoma magari ya watu.

Kama taa inawaka, toa redio. Kwa kawaida redio za dukani zina waya wa njano wa umeme wa kudumu, mwekundu wa swichi na mweusi wa bodi. Zima gari, pima ule wa njano kwa taa ya kupimia. Isipowaka, huyo bwana aliyekufungia ameunga wa njano na mwekundu, zote mbili, kwenye swichi. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi za namna hiyo naletewa sana.

Baridi ya Mafinga hupunguza nguvu ya betri, kweli, lakini mimi namshuku amplifaya. Waya wake mwembamba wa kuiwasha utoke kwenye redio. Ukiungwa moja kwa moja na betri, inakesha. Chomoa fyuzi yake usiku mmoja, kisha asubuhi piga stata; gari likiwaka, mla betri ni amplifaya.